Mbishi na Kesi ya Bwana Saruji

Fundi mmoja wa televisheni hakuamini chochote kilichoonyeshwa na televisheni, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mbishi. Mteja akija kuchukua mashine yake, alimwambia, "Picha nimekurudishia. Ukweli katafute mwenyewe."

Ikazuka kesi ya Bwana Saruji, tajiri aliyekamatwa akidaiwa kumuua shemeji yake na kumzika chini ya sakafu ya gereji. Watu wakapagawa. Asubuhi maiti ilikuwa moja, mchana zikawa tatu, jioni gereji nzima ikawa makaburi. Kinyozi wa jirani aliapa kwamba aliwahi kumnyoa marehemu, na kichwa chenyewe kilikuwa cha mtu wa kuuawa. Waliozitelekeza mashine kwa Mbishi mwaka mzima wakaja mbio kuzidai.

Kituo kimoja cha televisheni kikaonyesha "gereji ya mauaji". Mbishi alitupa jicho, akaona mwanamke akipita nyuma ya mtangazaji na beseni la nguo.

"Mke wangu, njoo! Mama mkwe ameanza lini kuanika nguo kwa Bwana Saruji?"

Mkewe akaja, akashika mdomo. Kweli, lilikuwa banda la kuku la mama yake.

Habari zikasambaa, kituo kikaomba radhi, kisha kikamwalika Mbishi studio. Alishonesha koti jipya. Alikusudia kusema neno moja tu, kwamba watu wasubiri mahakama. Lakini mtangazaji alimuuliza, "Kwa hiyo fundi, yawezekana huyo shemeji yu hai?" Taa zilikuwa kali, watu wote wamenyamaza wanamngoja yeye.

"Sitashangaa," akasema.

Kesho yake magazeti yakapiga kelele: SHEMEJI YU HAI, ASEMA MTAALAMU. Kufika mchana kinyozi alikuwa ameshamwona marehemu akinunua soksi.

Siku hizo dukani kwa Mbishi hapakukosa watu. Miongoni mwao akaja bibi mmoja, kimya, akangoja wengine waishe.

"Mimi ndiye mama wa huyo shemeji wanayemsema," akasema. "Nimekuja kukuuliza, baba, mwanangu umemwona wapi?"

Mbishi akashika bisibisi, akaiweka chini, akaishika tena. Neno lilikuwa jepesi: sijamwona.

"Tuzidi kuomba, mama," akajibu.

Bibi akamshukuru kwa mikono miwili, akaondoka anatembea kama mtu aliyetuliwa mzigo. Mbishi hakufungua mashine nyingine siku ile.

Kesi iliposikilizwa, mkewe alikwenda mahakamani. Alirudi, akakaa bila kuvua viatu.

"Amekiri," akasema. "Kila kitu. Alivyompiga, alivyomzika."

"Umesikia wapi?"

"Mume wangu, nilikuwepo! Nimemsikia kwa masikio haya."

"Huenda amelazimishwa. Ulikaa karibu? Kipaza sauti kilikuwa kizima?"

"Nilikaa ubavuni mwa mama wa marehemu. Mtu anaeleza alivyomfukia mwanawe, yeye ananigeukia ananiuliza, 'Na yule fundi anasemaje?'"

Mbishi akanyanyuka, akalichukua koti.

"Unakwenda kwake?" mkewe akauliza. Sauti ilikuwa imelainika.

"Nakwenda," akasema, na alimaanisha.

Nje akakuta gari la kituo. Dereva alikuwa amemfungulia mlango wa mbele. Wanataka maoni yake tu, akasema, dakika chache. Baada ya hapo atampeleka popote atakapo. Mbishi akaitazama njia ya kwenda kwa yule bibi. Kwa miguu ilikuwa mbali, na kwa gari angefika mapema zaidi.

Akapanda.

"Ndugu watazamaji," alisema chini ya zile taa, "tusiwe wepesi wa kuamini." Walipomaliza, mtangazaji akamwomba abaki kwa kipindi kinachofuata, naye akabaki.