Dubu wa Liri Juu ya Dishi

Waliomwona Nevruz juu ya paa lake Jumapili ile husema alikuwa mweupe kama jibini. Waongo hao. Alikuwa wa kijani, kama pilipili iliyolala kwenye siki, na jasho lililomtoka lingetosha kuogeshea kondoo.

Paa za Gjirokastër, mji wa milimani kule Albania, ni mabamba ya mawe yaliyolaliana tu, hayajui msumari, na nyumba zenyewe zimeng'ang'ania mlima. Ukianguka upande wa nyuma, unatua bustanini na kuvunja nyanya. Ukianguka mbele, ni ghorofa nne, kisha barabara ya mawe, kisha wakuimbie mazishini. Na dishi la televisheni alilokuwa akilifunga, kwa roho yake mbaya, lilitaka kutazama mbele.

Mafundi walikuwapo mjini. Lakini Nevruz alishajitapa kwenye duka la kahawa kwamba jeshini alikuwa mtu wa mitambo. Mtambo aliousimamia jeshini ulikuwa sufuria la maharage. Ulimi ukakiponza kichwa, na sasa kichwa kilikuwa kinaning'inia juu ya barabara.

Kurudi nyuma hakukuwezekana. Liri, binti yake wa pekee, alivuka kwenda Italia na ile meli ya wakimbizi iliyojaa watu mpaka milingotini, na tangu hapo wazazi hawakuuona uso wake. Juzi alipiga simu: Jumapili, misa ikiisha, kwaya yake itaimba kwenye televisheni ya huko. Mama yake, Zylfije, alikuwa hajala chakula cha maana tangu asikie.

"Baba Liri! Chenga tupu!" Zylfije alipaza sauti kutoka dirishani.

"Na sasa?"

"Chenga!"

"Sasa je?"

"Chenga, ila zimelala upande!"

Nevruz alisukuma dishi kidole kimoja, akafumba macho, akakumbatia nguzo ya dishi. Kiunoni alikuwa amejifunga kamba ya kuanikia nguo, ncha ya pili ameifunga kwenye bomba la moshi.

"Jirani!" Sotir, wa nyumba ya chini, alikuwa amebeba kiti chake nje ili aangalie vizuri. "Kamba hiyo ni ndefu! Ikija kukaza, wewe utakuwa umeshafika hapa, tunakunywa raki!"

"Funga domo, Sotir!"

"Nimefunga. Nakuombea tu kwa macho."

Hayo macho ndiyo Nevruz aliyoyaogopa. Kwa hiyo kabla ya kukaza hata nati moja, alishafanya lile analolifanya kila mtu wa mji ule akipandisha kitu kipya juu ya nyumba: alitundika kinga ya husuda. Wengine hutundika mwanasesere wa majani, wengine kitunguu saumu. Yeye alichukua dubu wa kitambaa aliyechezewa na Liri utotoni, dubu mnene mwenye sikio moja, akamfunga pamoja na shada zima la vitunguu saumu mbele kabisa, juu ya kile kichwa kidogo cha kunasia mawimbi, kinacholitazama dishi. Nani huweka mlinzi nyuma ya lango?

Kengele ya kanisa ikalia. Misa imeisha, na ya Italia huisha saa hiyohiyo.

"Baba Liri, wataanza! Fanya hima!"

Akanyanyua mguu kusogea. Bamba likalia krr chini ya kiatu. Likachomoka.

Nevruz akaserereka kwa tumbo. Alisikia jiwe likipasuka barabarani muda mrefu, mrefu mno, baada ya kuondoka. Miguu ikapita ukingo wa paa ikakuta hewa. Mkono wa kulia ukadaka nguzo. Wa kushoto ukadaka kitu laini, kikanyofoka. Dubu akapita mbele ya pua yake na vitunguu vyake, akaenda zake chini.

"Mungu wangu!" Zylfije akapiga ukelele. "Liri! Namwona Liri! Umeshika wapi? Usiachie! Usitikisike hata kidogo!"

"Zylfije, naanguka!"

"Anguka wakishamaliza!"

Kupitia dirishani wimbo ukaanza. Nevruz akauma meno. Vidole vilikuwa vinakufa kimoja kimoja, na chini hata Sotir alikuwa amesimama, kofia mkononi.

"Amekondaje?" Nevruz alinong'ona.

"Amenona! Amekata nywele! Anacheka, Baba Liri, anacheka kama mama yako!"

Akashika. Wimbo ulipokwisha, akarusha goti juu ya ukingo, akatambaa kama kobe hadi kidirisha cha darini, akadondokea ndani.

Zylfije alikuwa ameshazima televisheni na kuifunika kitambaa cha kufuma. Akaichukua mikono ya mumewe iliyochubuka, akaibusu, mmoja mmoja.

"Nimemwona mwanangu kwa mikono hii."

Mlangoni akatokea Sotir, dubu kwapani. Akamtazama Nevruz, akamtazama dubu, akaonyesha kwa kidole juu, kule dubu alikokuwa ametundikwa. Nevruz akaelewa ni nani aliyekuwa ameziba picha, na damu ikampanda masikioni.

"Wanaimba tena Jumapili ijayo," Zylfije alisema, bado ameishika mikono ile. "Utanishikia tena, mume wangu?"

Ukweli ulikuwa mfupi, ungemwokoa na paa lile milele. Nevruz akafungua kinywa. Akaona macho ya mkewe.

"Nitashika," akasema.

Sotir akakohoa. "Basi nitakuletea kamba fupi," alisema, akaenda zake na dubu.