Saa ya Kunyonya ya Josephati

"Usimguse!" Bibi Selina alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba, mikono kiunoni. "Leo humwamshi."

"Mama, nipishe. Nina dakika arobaini tu."

"Hata ungekuwa na nne. Mtoto kalala, hata saa moja haijaisha."

"Si nilisema asilale kabla sijafika? Nikakuachia maji kwenye beseni, umpanguse uso akianza kusinzia!"

"Juzi nimempangusa. Jana nimempangusa. Ananitazama kama mimi ni mchawi. Baba yake nilimlea kijijini Kansay, kwenye mahindi, akisinzia alilala. Mimi sikufundishwa kutesa mtoto."

Lusia alikuwa bado amevaa aproni ya jikoni hotelini, inanuka mayai ya kuchemsha. Tangu saa kumi na moja alfajiri alikuwa amefunga maboksi sitini na mawili ya chakula cha wageni wanaoteremka kreta kutazama wanyama, kisha akaosha masufuria, kisha akapanda bodaboda kuwahi nyumbani.

Josephati alikuwa na miezi minane. Hadi wiki mbili zilizopita alilala mara tatu mchana, na saa nne asubuhi ilimkuta macho, anasubiri ziwa. Halafu akabadilika, kama watoto wote wanavyobadilika. Usingizi wa jioni akaukataa. Wa asubuhi akausogeza: saa tatu na nusu anafumba macho, saa tano na nusu anafumbua. Nesi wa kliniki alisema ni kawaida, aachwe. Lusia hakumwacha. Alimwamsha kila siku saa nne, mtoto akalia badala ya kunyonya, akashinda na hasira, saa kumi na moja jioni akaanguka usingizini na uji mdomoni, na saa tisa usiku akawa amekaa kitandani anapiga makofi. Lusia hakulala tena hadi zamu. Maziwa yalikuwa yanapungua, na hilo hakumwambia mtu.

Saa nne aliipanga Vedasto, msimamizi wa zamu.

"Saa nne wageni wako kreta, hoteli tupu," alimwambia. "Ndiyo saa ya kunyonyesha." Akabandika karatasi ukutani.

Lusia ana diploma ya hoteli na anajua kusoma. Alimpelekea sheria ya kazi, amepiga mstari: kunyonyesha, hadi saa mbili kwa siku. Vedasto alicheka hadi akafuta macho.

"Hadi, dada. Soma vizuri. Hadi. Hata moja imo humo."

Kwa hiyo mtoto wa Karatu alale kwa ratiba ya watu waliokuja kuangalia vifaru.

"Mama, nipishe," Lusia alisema tena, na safari hii alimsukuma bega mama mkwe wake. Si kwa nguvu. Lakini alimsukuma.

Bibi Selina hakupiga kelele. Alichukua mfuko wake wa nguo nyuma ya mlango.

"Nimeacha mbuzi na maharage yangu nije kukusaidia, Mama Josephati. Kila siku unanigombeza mimi. Yule aliyekubandikia karatasi, umemgombeza lini?"

Lusia akapita, akainama. Kitandani, Josephati alikuwa amelala kifudifudi, matako juu, anavuta pumzi kwa pua. Mkono wa Lusia ulikuwa tayari juu ya mgongo wake. Akauondoa. Akatoa simu.

"Vedasto, mtoto amelala. Akiamka nitamnyonyesha, halafu nitakuja. Itakuwa saa sita."

"Unanitania. Saa sita wanaingia kumi na wanane kutoka Serengeti. Juisi nani atamimina? Taulo za uso nani atatoa?"

"Wewe una mikono."

"Lusia! Usipoweka kidole saa tano, mashine ya mahudhurio inakuandika umetoroka kazini. Na mkataba wako unaisha mwezi huu. Wapo wasichana kumi getini wanataka hiyo aproni."

"Uliomba nikupangie ratiba mpya ya jikoni, nikakupangia. Ulipomwambia bosi ni yako, nilinyamaza. Hii yangu sinyamazi. Waambie hao wasichana kumi kwamba ukishazaa, hapo kwako mtoto analala kwa kibali."

"Unajifukuza mwenyewe, dada."

"Sijifukuzi. Niandike mtoro, tena andika na sababu: alikuwa ananyonyesha. Weka na sahihi yako, nitaipeleka kwa afisa kazi."

Vedasto akaanza kuhesabu tena wageni wa Serengeti. Lusia alizima simu.

"Mama, samahani," alisema. "Weka mfuko chini."

Bibi Selina hakuuweka. Aliukumbatia tu, akakaa nao kwenye kigoda.

"Na kesho?"

"Kesho sijui."

Alivua aproni, akavua viatu, akapanda kitandani upande wa ukuta taratibu, asitikise godoro. Saa nne na dakika hamsini ikamkuta hapo. Bodaboda aliyemleta alipiga honi nje mara mbili, akangoja, akapiga ya tatu. Bibi Selina akatoka kumwambia aende zake.