Hapana ya Halvor Tveiten

Majina ya wabunge yaliitwa kwa alfabeti, kwa hiyo Clyde Hasbrouck ndiye aliyetangulia kujibu. Halvor Tveiten, aliyekaa jirani naye, alimkazia macho. Wiki nzima walikuwa wakila pamoja pale Washington na kukubaliana kwamba vita vya Ulaya havikuwahusu wakulima wa Dakota, na kwamba wao wawili watapiga kura ya kuvikataa.

"Ndiyo," Hasbrouck akasema, akakaa bila kugeuza shingo.

Zamu ya Halvor ilipofika, alijibu kwa sauti ya chini, kama mtu anayekataa kuongezewa kahawa. Karani hakumsikia, akarudia jina lake.

"Nimesema hapana!"

Safari hii ukumbi mzima ulimsikia. Juu, kwenye viti vya watazamaji, mwanamke mmoja akapiga kelele, "Msaliti!" Waliovikataa vita walikuwa wachache mno, na azimio la kuingia vitani likapita.

Hasbrouck alimfuata hadi kwenye ngazi za nje.

"Usinitazame hivyo, Halvor. Wangenimaliza kule nyumbani."

"Jana ulilia mezani, Clyde. Ulilia kwa ajili ya watoto wa watu."

"Nililia, ndiyo. Kulia si kupiga kura."

Halvor aliporudi Dakota, hakuna aliyempokea stesheni ila mwanawe wa pekee, Leif, aliyekuja na gari la farasi. Walipofika nyumbani, Halvor akaelewa kwa nini. Mlango wa nyumba ulikuwa umemwagiwa rangi ya manjano, rangi ya waoga, na mkewe Ragna alikuwa amepiga magoti akiusugua kwa mchanga, vidole vimechubuka.

"Karibu nyumbani, mheshimiwa," alisema, wala hakuinua kichwa.

Hayo yalikuwa mwanzo tu. Kiwanda cha siagi kikakataa maziwa yao. Kanisani watu waliwaachia benchi zima, wakabanana kwingine. Gullik kinyozi, aliyemnyoa Halvor tangu ujana wao, alimzuia mlangoni mwa duka lake mbele ya wateja.

"Kwa Kaiser wa Ujerumani wananyoa bure, Halvor. Nenda huko!"

Wateja wakaangua kicheko. Leif alikuwa barabarani, akasikia yote.

Siku chache baadaye kijana alirudi kutoka mjini kichwa kimenyolewa karibu kipara.

"Nimejiandikisha jeshini, baba."

"Wewe? Sheria haikudai, Leif. Hujafika umri!"

"Kila nikipita wananizomea. Wakiniona na sare watanyamaza."

"Wakinyamaza, ndipo iweje?"

"Ndipo mama ataenda dukani bila kutemewa mate."

Halvor alikuwa amebishana na mawaziri, akawashinda wengine kwa hoja. Lakini siku hiyo alimsaidia mwanawe kufunga mizigo.

Leif aliuawa katika msitu mmoja wa Ufaransa, vita vikiwa vinaelekea ukingoni. Majira hayohayo Halvor alishindwa uchaguzi, lakini hata hakuuliza alishindwa kwa kura ngapi. Mji ukaandaa ibada ya kumkumbuka marehemu, na meya akaja nyumbani, kofia mkononi.

"Atakayehutubia ni Mheshimiwa Hasbrouck," alisema. "Wewe, Halvor, tunakuomba usiseme kitu. Watu wana uchungu."

"Wao ndio wana uchungu?" Ragna akauliza.

Meya akatazama kofia yake.

Hasbrouck alihutubia vizuri. Alimwita Leif kijana aliyeujua wajibu wake, na kanisa likalia. Wale waliowaachia benchi sasa walipanga foleni kumpa Ragna mkono, na Gullik akamshika kwa mikono yote miwili. Mwishoni Hasbrouck alimkaribia Halvor, macho mekundu.

"Kila neno nimelisema kwa moyo wangu wote."

"Najua, Clyde. Hata siku ile mezani ulilia kwa moyo wako wote."

Walipofika nyumbani, Ragna alivua kofia yake nyeusi akakaa, bado amevaa koti.

"Ungesema ndiyo, mwanangu angekuwa hapa."

"Angekuwa hapa," Halvor akakubali. "Lakini watoto wa wenzetu wangekwenda vilevile."

"Mimi sikuzaa watoto wa wenzetu."

Alinyoosha mkono amguse bega, Ragna akajitenga. Halvor akabaki amesimama, akijiuliza angejibu nini kama jina lake lingeitwa tena leo. Jibu lilimjia upesi kuliko alivyotaka, lilelile, na likamtia hofu. Hakumwambia mkewe. Ng'ombe walikuwa wanalia, hawajakamuliwa tangu asubuhi. Akachukua ndoo, akatoka.