Jogoo Safi wa Casimir

Casimir asingemwita Godelieve nyumbani kwake kama angekuwa na njia nyingine, na Godelieve asingekwenda kama naye angekuwa nayo. Aliyetumwa kumleta kwa pikipiki alikuwa Vainqueur, mfanyabiashara wa Misisi, aliyetaka kununua jogoo wa kuchi kwa ajili ya uzazi. Vainqueur alikuwa ameshaumwa na nyoka wa namna hiyo. Mwaka uliopita aliuziwa jogoo mrefu wa kupendeza, akaambiwa ni kuchi mtupu, na vifaranga wakatoka kila mmoja na sura ya babu yake. Safari hii alisema hatoi kitu mpaka mama Godelieve amshike jogoo mkononi na kutamka neno. Pale mjini Baraka, kwa habari ya kuchi, neno lilikuwa la mama huyo.

Kuchi wale, warefu, wenye shingo kavu na mdomo mfupi uliopinda kama wa kasuku, Godelieve na marehemu mumewe Fabien ndio waliowavusha ziwa walipotoka kambi ya wakimbizi Tanzania kurudi kwao. Wenzao walirudi na mabati. Wao walirudi na tenga la kuku, wakachekwa. Fabien alipofariki, na matanga yakaisha, mdogo wake Casimir alifika na matenga matupu akachukua kundi zima, akisema mali ya ndugu ni ya ukoo. Aliacha tu matetea waliokuwa wanalalia mayai, kwa kuwa hata Casimir alijua kuku anayelalia hahamishwi. Akihamishwa mayai huharibika, na aliyemhamisha husemwa mpaka uzeeni. Kwa matetea hao Godelieve alianza upya. Kisha kideri, ugonjwa unaofyeka kuku, kikapita kama chenye macho, kikamaliza majogoo wake wote, kikamwachia majike wachache, nao walikuwa wanazeeka. Bila jogoo wa damu ileile, msimu huu wa kutaga ungekuwa wa mwisho. Jogoo wa namna hiyo aliyejulikana toka Baraka mpaka Kilembwe alikuwa mmoja, naye alikuwa kwa Casimir.

"Hodi," Godelieve aliita kwenye kizingiti cha ua.

"Ingia kama umekuya kwa kazi," Casimir alijibu. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, na hakuinuka.

Dorothée, mkewe, alimsukumia Godelieve kigoda cha kumenyea mihogo, maganda yakiwa bado juu yake. "Kaa, mama mupima-kuku. Kiti iko ya bageni."

"Mi si mugeni hapa." Godelieve alipangusa maganda kwa kiganja. "Lakini kigoda inatosha. Jogoo hapimwake na kiti."

Vainqueur alicheka, akaona amecheka peke yake.

Godelieve hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alisema lake kwa utulivu, akimtazama Casimir usoni. "Mbele ya kupima, iko neno moja. Jogoo akikuwa safi, mbele ya kwenda Misisi akae kwanza kwangu na matetea yangu, mpaka batage. Hiyo njo malipo yangu. Sitaki kingine."

"Sikia huyu!" Casimir alimgeukia Vainqueur kama anayemwita shahidi. "Donc, yaani nimupe jogoo akae kwake, kesho aseme ni yake?"

"Mi sichukuake kitu ya muntu kwenye matanga."

Dorothée aliacha kupepeta mchele. Casimir alitema mate pembeni, karibu na kigoda, si karibu sana.

"Bamama, bapapa," Vainqueur alisema, "mi nilikuya kununua kuku, sikukuya kusikiliza kesi. Barabara ya Misisi munaijua. Mvua ikinikamata huko, nitalala na pikipiki kwenye matope kama bibi na bwana. Mama Gode, utapima ao hutapima?"

Angeweza kuinuka na kuondoka, na heshima yake ingeondoka naye nzima. Lakini jogoo alikuwa ametokea nyuma ya jiko. Alisimama wima kama mtu anayechungulia juu ya ukuta, rangi yake nyekundu ya tofali, mkia umeshuka, miguu ya njano minene. Godelieve alimtazama, na mikono yake ikaamua kabla yake.

"Nitapima. Ile ingine tutasema nyuma."

"Hakuna ya kusema nyuma," alisema Casimir.

Godelieve hakumkamata jogoo haraka. Kwanza alimwacha atembee, kwa kuwa mguu wenye kasoro hujificha jogoo akisimama na hujitangaza akitembea. Alimtupia punje za mahindi karibu, kisha mbali, aone anavyogeuka. Alimsikiliza akiwika. Hewa ilitoka safi kifuani, bila kukoroma. Kuku jike alipopita, jogoo aliangusha bawa moja na kumzunguka, mapaja hayakutetemeka. Ndipo alipomshika, akamlaza kwenye mkono wa kushoto, kichwa kikiwa chini ya kwapa, akaanza na vidole vya miguu.

"Unamukamata kama unachambua maharagi," alisema Casimir.

"Anatafuta kasoro," alisema Dorothée. "Muntu mwenye kinyongo hakosake kuona kasoro."

Godelieve aliendelea na miguu. Vidole vilikuwa vimenyooka, magamba ya miguu yamelala vizuri, hakuna ukurutu. Alifunua manyoya chini ya bawa akatazama ngozi: njano, bila chawa. Jicho lilikuwa la rangi ya lulu, na mboni ilijikunja upesi mwanga ulipolipata. Upanga wa kichwani ulikuwa mfupi, umelala, una vinundu vidogo. Haukusimama wala kuchanika meno ya msumeno kama wa kuku wa mtaani. Kila alichokigusa kilikuwa mahali pake, na kadiri alivyozidi kugusa, uso wake ulizidi kuwa mkavu. Ndivyo walivyofundishana wafugaji wa kule: kuku wa mwenzako hasifiwi akiwa mkononi, usije ukaonekana umemtia kijicho. Casimir, ambaye kuku aliwapata bila kuwafuga kwanza, hakulijua hilo. Aliuona ule uso, akausoma kuwa dharau.

"Sema basi! Ao ulimi imekauka?"

"Anapandaka kuku gani hapa?"

"Bote. Kwani jogoo anaulizaka?"

"Nionyeshe ile ya upanga ya kusimama, na batoto yake."

Dorothée alionyesha kwa kidevu. Kuku mweusi wa kawaida, upanga wake umeangukia jicho moja, alikuwa anachakura kando ya lundo la majivu, na vifaranga wake wakubwa, wenye manyoya tayari, wamemzunguka. Godelieve alimpa Vainqueur jogoo amshikie, akainama kwa wale vifaranga, akawashika mmoja mmoja na kupitisha kidole gumba kichwani. Alifanya polepole mpaka Casimir akaanza kupiga kiti kwa kiganja.

"Anaangalia nini?" Vainqueur aliuliza.

"Huyu jogoo anaweza kuvaa sura ya kuchi na ndani yake amebeba kuku ya mutaani," Godelieve alimwambia. "Kwa macho hutaona. Lakini ukimupatia jike ya upanga ya kusimama, ile yenye alificha inatoka kwa batoto. Nusu yabo batasimamisha upanga kama mama yabo."

"Na hawa?"

Godelieve alimgusa wa mwisho tena. Vichwa vyote alivyovigusa vilikuwa na upanga uliolala.

Hapo ndipo alipojua, na hapo ndipo alipojaribiwa. Akisema safi, jogoo atapanda pikipiki na kwenda Misisi, na matetea wake watazeeka bure. Akisema si safi, Vainqueur atawasha pikipiki na kwenda zake, jogoo atabaki ua huu akiwa hana bei, na Casimir aliyekosa mnunuzi huenda akamwachilia kwa neno moja la upole. Kasoro ya kusingizia ilikuwepo tayari. Alimchukua jogoo tena, akapitisha vidole kwenye mfupa wa kidari kuanzia mbele hadi nyuma. Angesema tu umepinda. Nani mwingine pale angejua kama umepinda?

Mfupa ulikuwa umenyooka kama mpini wa kisu. Godelieve alibaki na kidole pale kwa muda mrefu.

"Anatunga uongo," Casimir alisema. "Muangalie. Anatunga."

"Iko safi," alisema Godelieve. "Yeye, na baba yake, na mama yake. Sijaona kitu ya kukataa."

Casimir alipiga makofi mara moja, kwa sauti kubwa. Dorothée aliruka kidogo pale alipokaa. Lakini Vainqueur, badala ya kuingiza mkono mfukoni, alijikuna kidevu.

"Sasa nikimufikisha Misisi, nitamuoza nani? Kule niko na matetea ya mutaani tu. Nitazalisha nusu-nusu tena. Papa Casimir, uko na majike safi?"

Casimir alitazama ua wake. Alikuwa na majike wengi, na damu za kila mtaa wa Baraka. Wale safi aliowatoa kwa kaka yake, wengine aliwauza, wengine aliwala.

"Matetea safi iko kwangu," alisema Godelieve.

"Basi kesi imeisha!" Vainqueur alifurahi. "Jogoo abaki kwa mama Gode. Mi nitakuwa nachukua vifaranga, papa Casimir na mama munagawana. Kila muntu anakula."

Lilikuwa shauri zuri. Hata Dorothée aliliona, akasema taratibu, "Papa, ukubali. Ni neno ya akili." Godelieve alihisi kifua kikilegea, akiwa bado amemkumbatia jogoo, na kwa kulegea huko akafanya kosa. Alitabasamu. Hakutabasamu kwa ushindi, maana mtu akitua mzigo naye hutabasamu. Lakini Casimir alikuwa anamtazama.

Alisimama kwa mara ya kwanza. Akavuta nguo yake vizuri, na sauti yake ikawa laini, na ulaini huo ndio uliomtisha Godelieve.

"Shemeji," alisema. Tangu matanga hakuwahi kumwita hivyo. "Shemeji yangu, muke ya kaka yangu. Amekuya kwangu tangu saa ile na hajaonja kitu. Batu ya Baraka batasema nini juu yangu? Dorothée, bandika maji."

"Papa..."

"Nimesema bandika maji."

Alimtwaa jogoo mikononi mwa Godelieve kwa adabu, kama mtu anayempokea mgeni mzigo. Vainqueur alipiga kelele kwamba yeye anamnunua yule kuku. Casimir alimjibu bila kugeuka, "Umeshalipa? Basi ni yangu." Nyuma ya jiko kulisikika mapigo ya mabawa, kisha hayakusikika.

Kwao, mgeni aliyechinjiwa kuku hasusi. Kususa ni kumwambia mwenye nyumba, mbele ya watu, kwamba mkono wake una sumu, na neno hilo hutembea kuliko pikipiki. Casimir alijua. Alitaka Godelieve ama ale uzao wa kuku wake mwenyewe mbele yake, ama asuse na asemwe mji mzima. Godelieve alikaa kwenye kigoda kile, mikono magotini, mchana ukimpita, mpaka Dorothée alipoleta ugali na mchuzi. Hakumtazama mgeni usoni. Kwenye sahani ya Godelieve aliweka kidari na, kwa amri ya mumewe, firigisi ambayo hupewa mwanamume mkubwa wa nyumba.

"Kula, shemeji," alisema Casimir. "Ni ya heshima."

Godelieve alinawa, akala. Nyama ilikuwa ngumu, ya kijana aliyekuwa bado na nguvu, naye aliitafuna yote bila haraka, firigisi kwanza. Vainqueur alimega mara moja, akaacha. Casimir alikuwa amejiwekea paja, lakini kila alipoinua mkono aliusahau hewani, akimngoja yule mwanamke alie. Hakulia. Alipomaliza kidari, alipangusa mfupa kwa kidole gumba, akauinua kwenye mwanga.

"Vainqueur, angalia. Nilikuambia iko safi: mufupa imenyooka. Sikukudanganya kitu."

"Naona, mama."

"Iko tamu?" Casimir aliuliza.

"Iko ngumu. Alikuwa bado na miaka mingi ya kuzaa."

Aliuweka mfupa chini. Watu walipomuuliza habari za shemeji yake, miaka yote hii, alikuwa anawajibu kwamba hajamaliza kumjua. Kwamba msiba humgeuza mtu, na mtu aliyegeuzwa hahukumiwi kwa siku moja. Sasa alinawa tena, akachukua sahani ile tupu, akaipindua juu ya mkeka, mgongo wake ukatazama juu.

"Nimekula, kwa sababu ya Fabien. Sasa nimemaliza kupima. Nikikufa, Casimir, usikuye kunililia. Na we ukikufa, sitakuya."

Dorothée alishika mdomo. Mtu hasemi hivyo kwa nduguze. Hata wanaoshtakiana huachiana mlango wa msiba. Casimir alicheka, akatafuta wa kucheka naye. Mkewe alikuwa anatazama sahani.

Vainqueur alimrudisha mpaka kwake, na alipomshusha aliuliza, "Sasa tunafanya nini, mama?"

"We urudi Misisi mbele ya mvua kukunyeshea."

Nyuma ya nyumba, jogoo wa jirani, mweusi kwa mweupe, upanga wake umesimama kama msumeno, alikuwa juu ya ua akiwatazama matetea. Mmoja wao alikuwa tayari ameinama chini, mabawa wazi, akimngoja. Godelieve alimrushia bonge la udongo. Jogoo aliruka chini upande wa jirani, akawika huko, akapanda tena palepale. Godelieve alivuta mianzi iliyolala kando ya ukuta, akaanza kuikaza mmoja mmoja juu ya ua pale jogoo alipokuwa anasimama. Jogoo alihamia upande wa pili, naye akamfuata na mianzi yake.