Kachero Mapepe Ndani ya Pipa la Uji

Usiku wa kuamkia leo niliota runinga yetu inapiga hodi kwenye chandarua.

Sikushangaa, maana nililala na donge lake. Jioni ilikuwa sehemu ya mwisho ya Kachero Mapepe, kile kichekesho cha mpelelezi anayeharibu kila kazi anayopewa, anatoroka na kiatu cha mtu mwingine, na bado anashinda. Kipindi hicho mimi sikikosi. Nimewahi kuacha maharage yaungue, na moyo wangu ukawa mweupe kabisa. Mume wangu, Baba Semeni, hukiita kipindi cha wapuuzi, kikianza anageukia ukutani. Basi jana adui wa Mapepe, Daktari Shari, kamtumbukiza kwenye pipa la uji, uji ukawa unapanda, ukafika kifuani, na hapo hapo umeme ukakatika mtaa mzima. Nililia. Mtu mzima mimi, nililia gizani.

"Karibu," nikaijibu runinga.

Ikavua miguu yake mlangoni, ikaingia. "Mama Semeni, mambo yameharibika. Mapepe bado yuko pipani. Umeme ukirudi ukamkuta humo humo, ndio mwisho wa kipindi, na sisi runinga hatuna la kufanya."

"Si atoke mwenyewe? Kila siku anatoka."

"Huwa anatoka kwa bahati. Jana bahati ilikuwa na udhuru."

"Sasa kwa nini mimi?"

"Wewe unakijua kipindi chote. Yeye hajawahi kukitazama, muda ule huwa yuko kazini."

Niliona ni jibu la akili. Runinga ikanikabidhi masharubu ya bandia ili nisijulikane. Masharubu yakanichunguza uso, yakaguna.

"Nimekaa kwenye nyuso za wanaume wa maana," yakasema. "Lakini haya, twende."

Nafungua mlango wa jikoni, na jiko halipo. Kuna ngome ya Daktari Shari juu ya mlima wa barafu, na mlima wenyewe uko ndani ya friji ya duka la jirani, kati ya soda na maziwa mgando. Nimevaa kanga na masharubu. Sisikii baridi.

Natakiwa kuingia kimyakimya. Lakini shabiki yeyote anaijua sheria ya kwanza ya Kachero Mapepe: mpelelezi haingii nyumba ya watu bila kupiga hodi, kwa sababu amelelewa. Na adui hawezi kukataa kumkaribisha, kwa sababu naye amelelewa. Nikapiga moyo konde.

"Hodi!"

Ngome nzima ikatetemeka kwa hasira. Kisha ikasikika sauti ya Daktari Shari: "Karibu. Viatu uvue."

Naacha mlangoni ndala zangu za kijani. Ya kushoto ilikatika ukanda, nimeifunga kwa kipande cha kanga nyekundu. Ndani ni ukumbi mkubwa, katikati pipa, na juu ya pipa kichwa cha Mapepe. Uji umeshafika kidevuni.

"Shikamoo, mzee," Mapepe akaniamkia.

Masharubu yakatabasamu kwa fahari. "Marahaba," nikaitika. "Uji una sukari?"

"Kidogo sana."

Daktari Shari alikuwa ameshika koki ya uji kwa mikono miwili. "Umechelewa!" akapiga kelele. "Nikifungua yote, Mapepe kwisha!"

"Habari za hapa?" nikamuuliza.

Mikono yake ikaganda. Hiyo ndiyo sheria ya pili: uovu haufanyiki mpaka salamu ziishe. Uji ukasimama ulipokuwa.

"Nzuri," akasema huku amebana meno. "Za huko?"

"Njema. Watoto?"

"Sina."

"Mifugo?"

"Papa mmoja. Hajambo."

"Na mitambo ya kuangamiza dunia?"

"Inaendelea vizuri, ahsante."

Salamu zikaanza kuniishia. Nauliza habari za mvua, ananiambia ndani ya friji mvua hainyeshi. Nauliza habari za majirani, ananiambia maziwa mgando hayana maneno na mtu. Uji unapanda tena. Umemfika Mapepe mdomoni, naye anaunywa ili ajiokoe, ila pipa ni kubwa na tumbo ni moja. Huyu mtu amenichekesha hata mwaka ule ambao sikuwa na lolote la kunichekesha, na sasa namwangalia anazama.

Ndipo nikakumbuka. Zamani sana, katika sehemu moja ya kipindi, wageni wangu wote wakipiga soga mpaka nikawafokea, Daktari Shari alitaja jambo kwa kupitia tu.

"Na shangazi yako wa Korogwe," nikasema, "goti lake linaendeleaje?"

Daktari Shari akaachia koki. "Umesemaje?"

"Goti. La kulia. Ulisema likivimba hawezi kupanda ngazi."

"Nilisema mara moja tu," akanijibu polepole. "Nilidhani hakuna aliyenisikia." Akakaa sakafuni, akaangua kilio, papa akamletea leso. "Bado linavimba! Na mimi niko hapa nazamisha watu kwenye uji, yeye sijampelekea hata bakuli moja."

"Si uji ndio huu?" nikamwambia. "Mpelekee."

Akafuta machozi, akaita walinzi waje na vidumu. Uji ukachotwa, ukashuka, na Mapepe akatoka pipani akiulizia kijiko.

Mara taa ya friji ikapepesa. "Umeme unarudi!" ikapiga kelele runinga mlangoni, inahangaika kuvaa miguu. Tukatoka mbio wote. Viatu vimechanganyika kama mlangoni kwenye maulidi, Mapepe akavaa alichokigusa kwanza, mimi nikavaa kilichobaki.

Nikaamka. Kumekucha, umeme umerudi, na sebuleni runinga inaonyesha marudio ya jana. Nikashusha miguu kutafuta ndala. Ya kulia ilikuwa yangu. Ya kushoto ilikuwa kubwa, nyeusi, ya kiume, baridi kama imetoka kwenye friji, na imegandwa na uji wa ulezi.

Nikatoka nayo hivyo hivyo, nachechemea. Baba Semeni amekaa mbele ya runinga, ukuta ameupa mgongo. Mapepe na Daktari Shari wamesimama na vidumu vyao kwenye kizingiti cha nyumba moja ndogo, wanapiga hodi.

"Mama Semeni, hebu njoo," akasema. "Huyu mpuuzi wako mbona kavaa ndala yako?"

"Nyamaza kwanza, Baba Semeni," nikamwambia, nikakaa kando yake. "Nataka kumsikia shangazi."