Forosadi za Wifi

Mwalimu wa hesabu hata akistaafu hastaafu. Huyu wetu, walimwita Bi Mizani, alihamishia hesabu zake kwenye ushairi, na ole wako usome beti mbele yake. Alihesabu kila silabi kwa vidole, mikono juu, midomo ikimchezacheza, na ikipungua moja tu utajuta kuzaliwa.

Chama cha washairi kilikutana Jumapili alasiri kwenye duka la kinyozi, viti vinne vya kuzunguka, benchi moja, vioo kuta zote. Kinyozi ndiye mwenyekiti. Sheria ilikuwa moja: ukikisifu, kilete. Kitu ulichokitungia shairi lazima kiwekwe mezani watu wakione. Mwanachama mmoja, tarishi, aliwahi kusifu nyuki, akawaleta kweli. Wiki ile kinyozi alinyoa vichwa vilivyovimba kama maboga.

Kiti cha kona kilikuwa kitupu mwaka wa pili sasa. Kilikuwa cha wifi yake Bi Mizani, mkunga, mke wa kaka yake, jirani yake ukuta kwa ukuta. Siku aliyokihama alikuwa amesoma shairi la kumlilia mama yake mzazi, kitambaa cha kichwa cha marehemu kipo mezani. Watu wanajifuta machozi, Bi Mizani akanyoosha kidole. "Neno moja umelitumia mara mbili kwenye vina. Huo ni umaskini wa kichwa." Jamani! Msiba wa mtu! Mkunga akakunja karatasi yake, akachukua kitambaa, akatoka. Tangu hapo hata salamu zilikatika, ikawa kaka mtu ndiye anayebebeshwa ujumbe: "Mwambie dada yako maji yake yanamwagikia uani kwangu."

Bi Mizani alijua amekosa. Alijua siku ile ile, hata hajafika nyumbani. Lakini aanze yeye kusema? Mdomo ulikuwa mzito. Akaona heri atunge. Akatunga juu ya forosadi, vitunda vile vyeusi vyenye maji mekundu, walivyokuwa wakivichuma pamoja enzi za usichana, kabla mmoja hajaolewa na kaka wa mwenzake. Mistari yote ilimjia, isipokuwa kipande cha mwisho. Hapo palihitaji neno la kuomba radhi, na kalamu ikagoma. "Kitakuja palepale," akajidanganya.

Tatizo likawa sheria. Forosadi azitoe wapi? Sokoni hakuna. Mforosadi ulikuwa mmoja tu mtaa mzima, nao uko uani kwa wifi. Mwenye akili zake angebisha hodi. Bi Mizani, miaka sitini na mitatu, magoti yanalia kama bawaba, aliona kuiba ndiyo rahisi.

Asubuhi ya Jumapili akasikia mlango wa jirani ukifungwa. "Kaenda zamu," akasema. Akapanda juu ya ndoo, akavuka ukuta, akaukwea mti, mikononi kavaa soksi asipate madoa. Soksi zikalowa chepechepe. Moja bakulini, mbili mdomoni, hadi bakuli likajaa. Kushuka, kandambili moja ikamponyoka ikabaki kulekule. Nyumbani alisugua vidole kwa limau, kwa sabuni, kwa majivu. Vilitoka vyeusi vikawa zambarau, hapo vikakataa katakata.

"Umezipata wapi hizi?" kinyozi aliuliza bakuli lilipotua mezani.

"Kwa mtu," alijibu Bi Mizani, akaikalia mikono.

Hata hajaanza, mlango ukafunguka. Mkunga huyo! Mkononi ana kandambili moja. Akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha kona, akaketi, akaiweka mapajani. "Endeleeni," akasema.

Bi Mizani akasoma. Lakini bila vidole alikuwa kama kipofu aliyenyang'anywa fimbo. Ubeti wa kwanza ukachechemea, wa pili ukaanguka. Ulipofika wa mwisho, mikono ikajiinukia yenyewe, na vioo vyote vikajaa vidole vya zambarau. Tarishi akaziba mdomo asicheke.

"Tulichuma forosadi, wawili chini ya mti,
Tukala bila idadi, tukachafua mashati,
Nikaleta ukaidi, hadi ukaacha kiti,
Wifi yangu, sina budi…"

Akakwama. Mikono juu, vidole vinane vinangoja silabi nane, na silabi haziji.

Mkunga akainuka. "Sikwenda zamu leo. Aliyetoka ni kaka yako, mimi nilikuwa dirishani. Nilitaka kupiga kelele, nikasema huyu akishtuka ataanguka avunjike. Nikanyamaza, roho mkononi." Akamsogelea, akaanza kuvikunja vile vidole kimoja kimoja: "Ku-shu-ka ju-u ya m-ti."

Duka zima likaangua kicheko. Bi Mizani alihesabu. Nane kamili. Lakini sikio lake likasimama: mti! Si limo mstari wa kwanza? Neno moja mara mbili kwenye vina! Wote wakamwona anavyovuta pumzi. Tarishi akafumba macho. Mkunga hakufumba. Alikuwa amekusudia, na sasa anangoja.

Mdomo wa Bi Mizani ukafunguka, ulimi mweusi tititi.

"Liko sawa, wifi," alisema, machozi yakimlengalenga. "Na la mama nalo lilikuwa sawa. Nisamehe."

"Vaa kandambili yako kwanza, unatuaibisha," mkunga alijibu, akamwekea miguuni.

Kisha akafungua mkoba, akatoa kitambaa cha kichwa akakitandika mezani kando ya bakuli, akakunjua karatasi ya miaka miwili, akaanza kusoma tangu juu. Bi Mizani alisikiliza hadi mwisho, mikono yake imetulia mapajani.