Sahani ya Raylene

Katika rizavu yetu, ardhi ndogo tuliyoachiwa sisi Waojibwe, wenyeji wa asili wa Amerika, kando ya ziwa, mabinamu ni watani. Binamu akikutukana, unacheka. Ukinuna, umejiaibisha mwenyewe. Ndiyo maana polisi wa mjini walipopiga simu kwamba Raylene ameopolewa mtoni, maiti, sisi wanawake tulimtwika Leona mzigo wa kumwambia mama yake, Ernestine. Leona na Ernestine ni mabinamu. Sisi wengine tulikuwa waoga tu.

"Nitamwambia kwenye mchezo wa kuigiza leo jioni," alisema Leona. "Ana kwa ana siwezi. Utani ameuzoea."

Hakuna aliyemkataza.

Jioni ile ukumbi ulijaa. Mchezo wetu wa kila mwaka ni wa kuchekana wenyewe: waume walevi, kamari ya bingo, mapaa yanayovuja. Leona alimwigiza Ernestine. Alijifunga mto tumboni, akawa anaikimbilia simu kila inapolia. "Raylene? Ni wewe, mwanangu? Aa, ni zahanati. Wanataka mkojo wangu tena." Watu walivunjika mbavu. Ernestine, aliyekaa mstari wa mbele, alicheka kuliko wote, ingawa tangu binti yake aondoke kwenda mjini hakuna simu aliyoiacha ilie mara mbili.

Kisha Leona akatoa sahani ya samaki na mkate wa kukaanga, akaiweka chini, kwenye mlango wa jukwaani. "Karibu ule, Raylene."

Kwetu sahani ya namna hiyo huwekewa wafu tu. Vicheko vilikatika. Ernestine akainuka, akapanda jukwaani, nami nikadhani atampiga.

"We Leona, uchoyo hujaacha tangu utotoni," akasema. "Mwanangu yu hai, unamwekea samaki mmoja?" Akaketi sakafuni, akaanza kula. "Nitamlia mimi. Akirudi nitampikia mwenyewe, si mkate huu, mgumu kama kisigino cha mumeo."

Ukumbi ukaangua kicheko. Watu walikuwa wanakitafuta.

"Dada, acha kula," Leona akasema. Alikuwa analia. "Wamempata. Wamempata mtoni, amekufa."

Ernestine akawageukia watu, mdomo umejaa.

"Mnamwona? Kumbe anajua kuigiza huyu. Mpigieni makofi."

Wakampigia, wengine wakasimama kabisa. Sisi tuliojua tulipiga pamoja nao, na Ernestine akaendelea kutafuna.